Mikono ya Mtu Aliyelala

Mzee wa boila alikiri kabla hajaulizwa, na tangu siku hiyo Inspekta hakuwa na amani.

Mtu akikamatwa hukana. Hukana alichofanya, hukana alichoona, na akibanwa sana hukana hata njia anayopita kwenda kwake. Mzee huyu aliletwa kituoni mikono yote miwili ikiwa imefungwa bandeji, akaketi alipoonyeshwa, akasema, "Nililala kazini, boila ikapasuka. Niandikieni hivyo niweke dole gumba." Alipokumbushwa kwamba dole gumba lenyewe limo ndani ya bandeji, alijibu kwamba basi watalisubiri lipone, yeye haendi popote.

Boila ilikuwa ya kiwanda kikubwa cha dobi cha mvuke, kile kinachofua mashuka ya hospitali. Ilipopasuka iliangusha ukuta wa chumba cha pili, na ukuta ukamfunika mpiga pasi, mama wa watoto wawili. Mume wake alikuwa akija kituoni kila asubuhi kukaa kwenye benchi la mapokezi. Haulizi kitu. Anakaa tu, kofia magotini, mpaka askari wa kaunta wakaanza kupitia mlango wa nyuma ili wasikutane na macho yake.

"Afande, faili limeiva," Sajenti alisema. Nje mvua ilikuwa inanyesha bila haraka, mvua ya kudharau watu. "Kesho mzee anasomewa shtaka la kuua bila kukusudia. Amekiri mwenyewe. Mashine imepimwa, nzima. Yule fundi bomba aliyefukuzwa tukamshuku, kumbe alikuwa kalazwa wodini, manesi wote wanamjua kwa kelele zake. Umebaki wewe tu na hizo picha."

Picha zilikuwa za daktari. Inspekta alikuwa amezitandaza mezani kama mtu anayepanga karata asizozipenda. Viganja viwili, na katika kila kiganja mistari ya kuungua iliyonyooka, ikikutana pembeni na mstari mwingine wa kupinda.

"Wewe ukilala unashika nini, Sajenti?"

"Mto, afande. Na mke wangu anasema nakoroma."

"Mto haukuunguzi hivi."

Aliinuka, akaenda mahabusu.

Mzee alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, chupa ya kijani ya chai kando yake. Mkono wa chupa ulikuwa umevunjika zamani, ukaungwa kwa mpira mwembamba wa rangi ya njano na nyeusi, uliokazwa vizuri mno. Inspekta aliutazama mpira ule kwa sababu ulikuwa ndicho kitu pekee chenye rangi kali ndani ya chumba kile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kesho saa ngapi?"

"Asubuhi. Niambie, ulilalia wapi?"

"Kitini. Karibu na mlango."

"Ukaamshwa na nini?"

"Na kishindo. Nikakimbia."

"Hukugusa kitu?"

"Niguse nini, mwanangu, na mvuke umetanda hivyo? Nilikimbia."

"Na mikono?"

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba amewekewa pale na mtu mwingine. "Nilianguka. Nilishika mabati."

"Miaka yote uliyokaa na boila, umeshawahi kulala kazini?"

"Kila jambo lina siku yake."

"Chai hii anakuletea nani?"

"Binti yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Za ofisini," mzee alisema upesi, akaisogeza chupa nyuma ya goti.

Inspekta hakumfuatilia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa na tabia ya kumngojea mwongo mwishoni mwa njia kuliko kumkimbiza katikati.

Chumba cha boila kilinuka kutu na sabuni iliyolowa. Ukuta mmoja haukuwepo, na pale ulipokuwa palikuwa na turubai linalopigapiga kwa upepo. Nyuma ya turubai pasi kubwa ya mvuke ilikuwa bado imesimama, na shuka moja limening'inia, nusu limenyooshwa na nusu limekunjamana. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Sajenti, mtu wa mzaha, alivua kofia.

Inspekta alianza juu. Valvu ya usalama, ile inayotakiwa kufunguka yenyewe mvuke ukizidi, ilikuwa imeganda kwa kutu. Mwenye kiwanda cha dobi alikwisha kuulizwa kuhusu hilo, akajibu kwamba baada ya kufungiwa kisanduku kipya cha kompyuta aliona valvu haina kazi tena. Alikuwa na kesi yake peke yake, na Inspekta aliingoja kwa hamu. Kisanduku chenyewe ndicho kilichotakiwa kupima joto na kuzima moto mapema. Kilikuwa kimefungwa majuzi tu, na siku ya mlipuko ndiyo ilikuwa siku ya kwanza moto kuwashwa wote.

Kisha akashuka kwenye gurudumu la chuma la kufungulia mvuke kwa mkono. Lilikuwa na vyuma vitatu vinavyotoka katikati kwenda ukingoni. Aliinama, akamulika tochi. Kwenye vyuma na kwenye ukingo kulikuwa na kitu kikavu, chembamba, cha rangi ya kahawia.

"Usiniambie," Sajenti alisema.

"Ni ngozi. Na gurudumu limezungushwa karibu nusu. Chuma hiki huwa cha moto pale tu mvuke unapopita. Boila ikishapasuka, mvuke umekwisha, hakuna sababu ya kukishika tena."

"Kwa hiyo alikishika kabla."

"Alikishika kabla, kikamuunguza, akabadilisha mshiko, kikamuunguza tena. Mzee huyu hakulala, Sajenti. Alikuwa macho kuliko mimi na wewe, anapigana na boila kwa mikono mitupu."

Sajenti alivaa kofia tena. "Sasa mtu anayestahili nishani anaomba kifungo cha nini?"

"Anamficha mtu."

"Mashine tumeipima, afande. Mkuu wa karakana iliyotengeneza kisanduku alileta kingine kama hicho mpaka kituoni, tukatia kipimajoto kwenye kikombe cha maji ya moto. Namba ya boila ikapanda, king'ora kikalia. Mimi mwenyewe niliziba masikio."

Inspekta alikuwa akitazama ukuta, mahali kisanduku kilipokuwa kimefungwa. Vilibaki vishimo vya skrubu. Kisanduku chenyewe kilikuwa stoo ya vielelezo, kimeungua ganda, kimetiwa mhuri, na hakuna aliyekiwasha kwa sababu karakana ilisema kile walicholeta ni kilekile.

"Kile cha kikombe," alisema polepole, "bodi yake ya ndani, lile bamba linalobeba vifaa vyake, ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Kama zote."

"Hiki cha hapa ganda lilipasuka, nikaona ndani. Ni ya bluu."

Walipitia stoo, wakasaini, wakaondoka na kisanduku ndani ya mfuko wake.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye meza nyingi na mwanga mweupe unaomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Mkuu wa karakana, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliwapokea kwa maneno matamu mengi, ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwapeleka meza ya mwisho, kwa mhandisi aliyeandaa programu. Alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Mezani kulikuwa na kalamu, kikombe, vipande vya waya, na mkunjo wa mpira mwembamba wa njano na nyeusi. Inspekta aliuona. Alivuta kiti akaketi upande ambao angeuona uso wa msichana.

"Nieleze kisanduku hiki kinavyofanya kazi, kama unamweleza mtu asiyejua chochote. Huyu Sajenti, kwa mfano."

"Ahsante, afande," Sajenti alisema.

Mhandisi alipoanza kusema sauti yake ilitulia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. "Ndani kuna kompyuta ndogo. Programu inayotawala kila kitu humo tunaiita kerneli. Kerneli ikiamka haijui kilichopo nje yake. Haijui kama kuna boila, haijui kama kuna moto. Lazima iambiwe."

"Na nani?"

"Na maelezo. Mtu anakaa anayaandika, yanatiwa ndani ya mashine pamoja na kerneli. Anaandika kwamba kuna kontrola ya basi, inapatikana kwenye anwani hii, ikiwa na habari itabisha kwa waya huu, na mapigo ya saa yake ni haya."

"Basi la abiria?" Sajenti aliuliza.

Msichana alikaribia kutabasamu. "Ndivyo tunavyoliita. Ni nyaya mbili tu. Vifaa vyote vinaning'inia kwenye nyaya hizohizo na kuzungumza kimoja kimoja, kontrola inavyoviita. Ukimaliza kuieleza kontrola, chini yake unaandika watoto wake."

"Watoto?"

"Vifaa vyenyewe. Kila mtoto na namba yake. Hapa ni vipimajoto viwili, vya aina moja kabisa. Arobaini na nane ni cha boila. Arobaini na tisa ni cha tangi la maji baridi. Kila kimoja kinasomwa na chipu yake, kile kidude cheusi kwenye bodi, na kila chipu ina mguu mmoja wa kuipa namba. Mguu ukiungwa huku inakuwa arobaini na nane, ukiungwa kule inakuwa arobaini na tisa."

"Kama nyumba ya wapangaji," Inspekta alisema. "Jina la mtu hulijui. Unajua namba ya mlango."

"Hasa."

"Na mlango ukiwa hauna mtu?"

"Kerneli inabisha, haijibiwi, inalalamika palepale. Skrini inakuwa nyekundu. Hilo huwezi kulikosa."

"Na wapangaji wawili wakibadilishana vyumba?"

Mhandisi alifungua mdomo. "Wote wawili wangeitika," alisema.

"Kerneli ingejuaje?"

"Isingejua."

Mkuu wa karakana alikohoa. "Afande, hayo ni ya kufikirika tu. Mashine mliipima."

"Tulipima ya kijani. Hii ni ya bluu." Inspekta aliuweka mfuko mezani. "Tofauti yake ni nini?"

"Ya bluu ni toleo jipya," mkuu alisema. "Ndogo zaidi, nafuu zaidi. Inaafikiana na ya kijani kwa kila kitu."

"Nani kasema inaafikiana?"

"Imeandikwa kwenye maelezo yenyewe, mstari wa kwanza wa kontrola."

"Nani aliandika?"

"Mimi," mhandisi alisema.

"Ulipoandika, bodi ya bluu ilikuwa mbele yako?"

"Hapana, ilikuwa bado haijafika. Hatungoji bodi, afande. Kazi ingelala. Tunachukua maelezo ya bodi ya zamani, tunabadilisha kilichobadilika. Kila karakana inafanya hivyo."

"Na ilipofika mliijaribu?"

"Tuliijaribu siku nzima. Vipimajoto vyote viwili vilisoma sawasawa, havikutofautiana hata kidogo."

"Mlijaribia wapi?"

"Hapa. Mezani."

"Vyote viwili hapa mezani? Pamoja?"

"Ndiyo, pamo..." Neno halikufika mwisho. Msichana aliitazama meza yake, kikombe, kalamu, vipande vya waya, vitu vyote vilivyolala pale katika hewa moja na joto moja.

Inspekta alimwonea huruma, na hakuiacha huruma imzuie. Alikata mhuri mbele ya wote, Sajenti akaandika kwamba umekatwa. Msichana aliunga umeme, kisha Inspekta akamwambia arudi nyuma asiguse kitu tena. Skrini iliyopasuka ukingoni iliwaka. Juu, boila, ishirini na nne. Chini, tangi, ishirini na nne.

Kutoka kwenye kisanduku zilitoka nyaya mbili ndefu, kila moja na kipimajoto mwishoni. Mmoja ulikuwa na kibandiko cha bati kilichoandikwa BOILA. Inspekta alikishika kipimajoto kile, akakifumba ndani ya kiganja.

Walingoja. Mvua ilipiga dirisha.

Namba ya juu haikutikisika. Namba ya chini ikawa ishirini na sita. Ikawa ishirini na tisa. Ikawa thelathini na moja.

"Mama yangu," Sajenti alisema.

Mhandisi alimgeukia mtu aliyekuwa meza ya tatu, mchoraji wa bodi, aliyekuwa ameacha kazi yake kitambo akawa anasikiliza. "Kwenye ya bluu uligeuza nini?"

"Zile chipu mbili? Nilizipindua, njia za shaba zisipishane. Miguu ya namba ikabadilishana. Si ipo kwenye mchoro?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," msichana alisema. Aliketi, akaiweka mikono mapajani kama mtoto aliyeitwa ofisini. "Niliinakili ya zamani. Nikaandika inaafikiana. Moto uliwashwa wote, boila ikachemka, na kerneli ikawa inaambiwa boila ni baridi. Ikaongeza moto. Niliiambia mimi."

Inspekta aliuchukua ule mkunjo wa mpira wa njano na nyeusi, akauzungusha kidoleni. "Mahabusu kwetu kuna chupa ya kijani ya chai. Mkono wake umeungwa kwa mpira huu. Umekazwa kwa utaalamu."

Mkuu wa karakana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sielewi."

"Mzee wa boila ni baba yake."

"Ni baba yangu," msichana alisema. "Sikusema hapa kazini kwa sababu wangenitoa kwenye uchunguzi. Nilitaka kasoro ipatikane, afande, yoyote, imtoe baba. Nimetafuta usiku na mchana. Nimetafuta kwenye nyaya, kwenye umeme, kwenye programu za wenzangu. Sikutafuta kwangu."

"Yeye alikwisha kuiona," Inspekta alisema. "Skrini ilikuwa mbele yake. Aliona tangi la maji baridi linapanda kuliko boila inayonguruma, akajua kilichopinduka. Akaenda kufungua mvuke kwa mkono. Na alipokuja kwetu akasema amelala."

"Alinipigia." Machozi yalianza kumshuka, hakuyafuta. "Jioni ile walipokifunga, moto bado mdogo. Akaniuliza, mama, tangi la maji baridi linaweza kupata joto kuliko boila? Nikamcheka. Nikamwambia, baba, wewe umezoea mashine za zamani, amini skrini."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi yule alikuwa ameubeba mpaka mlangoni mwa gereza bila kugeuka nyuma. Inspekta alijisikia amechoka mwili mzima. Kuna kweli ambazo mtu huzitafuta kwa bidii, na akizipata hutamani mwingine ndiye angezipata.

Mkuu wa karakana ndiye aliyepata sauti kwanza. "Afande, tuzungumze kiutu uzima. Maji yamekwisha kumwagika, hayazoleki. Marehemu harudi. Mzee amekiri kwa hiari yake, tena kwa ajili ya mtoto wake, ni jambo la heshima. Kwa nini tufukue? Tumpate kwanza mwanasheria, tukae..."

"Bodi za bluu ziko ngapi?" Inspekta alimuuliza msichana, kama vile mkuu ni redio ya jirani.

Mhandisi aliinua kichwa. Ilionekana wazi kwamba swali lile lilikuwa bado halijamfikia. Lilipomfikia alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka.

"Zimefungwa nyingine tatu. Mbili hospitali. Moja kiwanda cha sabuni."

"Usipige simu," mkuu alisema. "Ukipiga umekiri. Ngoja mwanasheria."

Simu ya mezani ilikuwa upande wake. Aliifunika kwa kiganja. Msichana hakubishana naye. Alitoa simu yake mfukoni, akapiga.

"Hospitali? Naomba chumba cha boila. Haraka... Zima moto. Zima kwenye boila zote mbili, usitazame skrini, skrini inasema uongo. Zima kwa mkono... Mimi ndiye niliyeandika maelezo ya mashine hiyo. Niliandika vibaya. Ndiyo, andika jina langu, ila zima kwanza."

Alipiga ya pili. Kiwanda cha sabuni hakikupokea. Alipiga tena, na tena, huku akitembea kati ya meza, na karakana nzima ikamfuata kwa macho. Sajenti alikuwa ameshafika mlangoni na redio yake, akiamuru gari la doria lililo karibu na kiwanda liingie getini bila kuomba ruhusa. Askari wa doria walipojibu redioni, moto ulikuwa umezimwa; walisema mtu wa boila alikuwa anashangaa tangi lake kupata joto, akataka kungoja fundi wa kesho.

Mkuu wa karakana aliondoa kiganja chake kwenye simu. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Nichukue koti langu?" mhandisi aliuliza.

"Lichukue," Inspekta alisema. "Kule kuna baridi."

Mzee aliletwa chumba cha mahojiano akitembea polepole. Alimkuta binti yake ameketi upande wa pili wa meza, bila chupa mpya ya chai, na Sajenti anaandika. Alisimama mlangoni.

"Huyu hana habari ya mambo haya," alimwambia Inspekta kwa ukali. "Nimesema nililala. Mnataka nini tena kwa mtu?"

"Mzee, nyoosha mikono."

Akaificha nyuma ya mgongo. Mtu mzima, mvi kichwani, akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Baba," msichana alisema, "hukulala."

"Nililala, mama. Usiwasikilize."

"Zilikuwepo nyingine tatu, baba. Zilezile."

Mzee alisikia, na alichosikia kilimwingia polepole. Alikuwa amepiga hesabu ya mtu mmoja tu, mtoto wake, na mle ndani ya hesabu hakukuwa na nafasi ya boila nyingine. Aliutafuta ukuta kwa bega, akauegemea.

"Zimezimwa?"

"Nimezizima zote."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akalia kwa sauti kubwa, ya mtu aliyeizuia siku nyingi, na hakuweza hata kujifuta uso. Binti yake aliomba ruhusa kwa macho. Inspekta akampa. Akamfuta kwa mkono wa koti lake.

Kesho yake mahakamani shtaka la mzee halikusomwa. Binti yake alibaki mahabusu akingoja mawakili, wapelelezi na wataalamu wagawane mzigo: kiasi gani wake, kiasi gani wa mchoraji, kiasi gani wa mkuu wake, na kiasi gani wa mwenye kiwanda cha dobi na valvu yake ya kutu. Inspekta aliandika ripoti yake mpaka mkono ukamuuma. Haikumpa raha yoyote.

Asubuhi iliyofuata alipokuwa anapita mapokezi aliona chupa ya kijani kabla hajamwona aliyeibeba. Mzee alikuwa ameikumbatia kifuani kwa mikono ya bandeji. Sasa yeye ndiye mleta chai. Askari wa kaunta alimwambia angoje, atengewe kikombe na kumimina, maana chupa nzima hairuhusiwi leo. Benchi lilikuwa moja, na mwishoni mwake alikuwa ameketi mume wa marehemu, kofia magotini.

Mzee alisita. Akaketi mwisho wa pili. Kikombe kililetwa, kikawekwa katikati yao. Alijaribu kufungua kifuniko, bandeji ikateleza. Alijaribu kwa mapaja. Alijaribu kwa meno.

Inspekta alitaka kwenda kumsaidia, lakini mume wa marehemu alikuwa amegeuza kichwa. Alikuwa anaitazama ile mikono. Habari za gurudumu la chuma zilikuwa zimeenea kituo kizima, bila shaka naye zilimfikia. Aliitazama muda mrefu, uso wake haukusema kama anasamehe au anachukia, na pengine mwenyewe alikuwa bado hajui.

Kisha akaiweka kofia kando, akaichukua chupa kutoka kwenye mapaja ya mzee, akafungua kifuniko, akamimina mpaka kikombe kikajaa.

"Mpelekee mtoto," alisema. "Chai inapoa."